Nimelipia Mbps 50, chumbani zinafika 5: zinapotelea wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kifurushi cha faiba cha Mbps 50. Naishi kwenye ghorofa, vyumba viwili na sebule, kuta za bloku. Ruta ina majina mawili ya Wi-Fi, moja linaishia na "5G". Sebuleni, karibu na ruta, hilo la 5G linanipa Mbps 46. Nikihamia lile jingine, palepale nilipokaa, napata 9. Chumba cha mwisho 5G inatoa 3 na lile la kawaida 5. Usiku hali inazidi kuwa mbaya. Mtoa huduma anasema laini haina shida. Nihame kampuni, au ninunue ruta yenye antena nyingi?
Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam

JIBU: Usihame na usinunue kitu kwanza. Vipimo ulivyoleta vimeshatoa nusu ya jibu. Ukipata 46 kati ya 50 ukiwa karibu na ruta, laini inafikisha mzigo hadi ndani ya nyumba, na kinachopotea kinapotea hewani, kati ya ruta na simu. Suala la usiku ni jingine, nitalirudia mwishoni.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa jina. Hiyo "5G" haihusiani na 5G ya laini za simu. Ni masafa ya GHz 5, na lile jina jingine ni GHz 2.4. GHz 5 ina nafasi kubwa na kasi kubwa, ila ukuta wa bloku unaichosha haraka. GHz 2.4 inapenya zaidi, lakini ni njia nyembamba ambayo jengo zima linaigombania: Wi-Fi za majirani, Bluetooth, kamera za ulinzi, hata maikrowevu inapofanya kazi.

Kwa hiyo 3 ya chumbani hainishangazi. Inayonishangaza ni ile 9 ya sebuleni. Hewa ikiwa safi, simu yenye antena moja huunganika na GHz 2.4 kwa Mbps 72, na baada ya makato ya mawasiliano yenyewe hubaki kama 40 hivi. Kupata 9 ukiwa umekaa jirani na ruta ni dalili ya msongamano, au ya mpangilio mbovu ndani ya ruta. Antena nyingi hazitibu hilo.

Pima hewa yako. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Command Prompt uandike netsh wlan show networks mode=bssid. Utaona kila Wi-Fi inayosikika pamoja na chaneli yake, yaani kipande cha masafa inachotumia. Windows 11 mpya inaweza kukutaka uwashe ruhusa ya mahali kwanza. Kwenye Android zipo programu za bure zinazochora grafu ya chaneli, na grafu ni rahisi zaidi kusoma.

Sasa ingia kwenye ruta. Anwani na neno la siri mara nyingi vimebandikwa chini yake. Anwani huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwenye upande wa GHz 2.4 rekebisha mambo matatu.

Upana wa chaneli, panapoandikwa Channel Width au Bandwidth, weka MHz 20. Ruta nyingi huachwa kwenye 40 au 20/40 kwa sababu namba kubwa inapendeza kwenye boksi. Kwenye ghorofa, MHz 40 inameza karibu nusu ya masafa yote ya GHz 2.4, na unaokota kelele za kila jirani.

Chaneli, chagua 1, 6 au 11 tu, ile yenye majirani wachache wenye mawimbi makali. Wengi hukimbilia 3 au 8 wakiona hakuna mtu. Huo ni mtego. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikiana na kupokezana zamu. Ukikaa katikati yao hamuelewani, kila upande unakuwa kelele kwa mwenzake, na pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, zinarudiwa kutumwa.

Usalama, weka WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaikubali. Ukikuta TKIP au WEP umempata mwizi: mipangilio hiyo ya zamani hurudisha Wi-Fi kwenye ukomo wa Mbps 54 wa siku nyingi, ambao mkononi huwa 20 au pungufu.

Upande wa GHz 5 kazi ni ndogo. Weka upana wa MHz 80 na chaneli 36 hadi 48. Chaneli za 52 hadi 144 hugawana masafa na rada, hivyo ruta inalazimika kusikiliza angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikihisi rada inahama ghafla. Ukiwahi kuona jina la 5G linapotea na kurudi lenyewe, anza kushuku hapo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Pima kwa simu ileile, sehemu ileile, mara tatu, uchukue namba ya katikati. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kipi kilikusaidia.

Kisha mahali pa ruta. Kama imefichwa nyuma ya TV, ndani ya kabati au kando ya friji, itoe. Chuma na vioo vikubwa vya kujitazamia huzuia mawimbi kuliko mbao. Ipandishe mita moja na nusu hadi mbili, karibu na mlango wa korido, antena zikiwa wima. Kifaa cha faiba kikiwa kimefungwa ukutani, kiache hapo; vuta kebo ya mtandao kutoka kwake hadi ruta. Usikunje waya mwembamba wa faiba, unavunjika kwa ndani.

Chumba cha mwisho pengine hakitapona kwa mipangilio peke yake. Ripita ya kuchomeka kwenye soketi ni rahisi kununua, lakini ya masafa mamoja hupokea na kurusha kwenye hewa ileile, hivyo kasi hukatwa karibu nusu. Na watu huiweka ndani ya chumba chenye shida, mahali ambapo yenyewe haisikii chochote. Ikibidi, iweke katikati ya njia, pale programu ya simu inaposoma nguvu ya mawimbi kama -65 dBm (namba ikiwa karibu na sifuri, mawimbi ni makali zaidi). Ikishuka chini ya -75 umeenda mbali mno.

Dawa ya kudumu ni kebo ya mtandao aina ya Cat5e kutoka ruta kuu hadi chumbani na ruta ya pili, hata ya zamani, ilimradi ina GHz 5. Kabla ya kuifunga, ipe anwani 192.168.1.2 ikiwa kuu ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, iachie ruta kuu), na uchomeke kebo kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, si WAN, la kupokea intaneti. Jina la Wi-Fi na neno la siri viwe vilevile, chaneli za GHz 2.4 ziwe tofauti: kuu kwenye 1, ya pili kwenye 11. Dai kebo ya shaba tupu. Ya alumini iliyopakwa shaba hukatika kwenye viungio.

Sasa usiku. Unganisha kompyuta na ruta moja kwa moja kwa kebo, zima Wi-Fi yake, upime saa 11 alfajiri na saa 3 usiku, siku tatu. Kebo ikibaki kwenye 45 nyakati zote, msongamano wa usiku ni wa majirani hewani, na tiba ni ya hapo juu. Ikishuka hadi 15 usiku huku hakuna mwingine nyumbani anayepakua kitu, hapo ndipo mtoa huduma anahusika. Mpigie ukiwa na tarehe, saa na namba, na uanze kwa kusema vipimo ni vya kebo, la sivyo watakuambia uzime ruta na kuiwasha.