Kwa nini samaki wa Bahari ya Shamu ndio wanaohamia Mediterania?

Wapo wachache wanaokwenda kinyume, ila ulivyouliza ni sahihi: wengi mno wanaelekea kaskazini. Kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya Mfereji wa Suez husukumwa upande huo, tena mashariki ya Mediterania kulikuwa na aina chache za samaki, kwa hiyo mgeni alikuta nafasi.

Mfereji ulipofunguliwa mwaka 1869, chumvi nyingi ya Maziwa Machungu, yaani maziwa ambayo mfereji unapitia, iliwazuia wengi. Ikayeyuka taratibu, kizuizi kikaisha. Sasa Mediterania nayo inazidi kupata joto, na mfereji ulipanuliwa 2015, kwa hiyo njia imezidi kuwa rahisi kwao.

Mbaya zaidi ni bunju mwenye mashavu ya fedha. Anakata nyavu kwa meno, anakula samaki walionaswa, na sumu yake haiishi hata ukimpika. Kupro imefikia kuwalipa wavuvi ili wamtoe baharini.

Tasi, ambaye sisi tunamla kwa raha, kule pwani ya Uturuki na Ugiriki anakwangua mwani hadi mwamba unabaki mtupu. Huyo angalau wamvue wamle, maana kumrudisha alikotoka haiwezekani tena.