Usiweke fileti kwenye sufuria ya kupikia polepole, nunua nyama ya muundi

Mkuu simama hapohapo. Umesema umenunua kilo mbili za fileti safi isiyo na mafuta wala kano, unataka kuitumbukiza kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole na maji lita moja na nusu, masaa nane, utoke na nyama laini na mchuzi mzito. Hiyo fileti ikate vipande, ikaange dakika chache kila upande ule na chumvi yako, ila humo usiiweke. Nakuomba kabisa.

Nina uchungu na hili kwa sababu mimi mwenyewe nilidanganywa hivyohivyo. Kuna jamaa wa video za mapishi alikuwa anasisitiza kwa kujiamini eti ukitaka nyama ilainike nunua iliyo laini tangu mwanzo, lipa zaidi upate bora. Nikalipa, na ilikuwa hela ya kuuma, maana nilikuwa na wageni. Jioni nafunua, harufu safi kabisa, vipande vimesinyaa, ukivuta unatoka uzi mmoja mmoja wa kijivu, mdomoni ni kama unatafuna pamba. Nyama imezama kwenye mchuzi na bado ni kavu! Wageni walikula kwa adabu, wakawa wanaomba maji tu. Na yule jamaa nilirudi kumwangalia vizuri, anakata video pale anapofunika, anarudi sahani imeshapambwa, kufunua sufuria yake mbele ya watu hataki. Huko si kufundisha, ni kuwaibia watu nyama yao.

Sasa elewa kinachotokea mle ndani. Ule utando mweupe na zile kano ambazo watu wanaambia bucha azitoe, zina kolajeni, yaani protini ngumu inayoshikilia misuli, na zinapatikana kwa wingi kwenye misuli iliyofanya kazi, yaani muundi, bega, shingo, kifua, mkia. Ikiwa mbichi ni ngumu kweli. Lakini ikikaa masaa kwenye joto la nyuzi 70 kwenda juu, kolajeni inayeyuka taratibu inageuka jelatini, na hiyo jelatini ndiyo inaifanya nyama iteleze na mchuzi unate kwenye midomo. Fileti ni msuli wa kivivu, kolajeni yake kidogo mno, kwa hiyo joto likipanda nyuzi zake zinajikunja zinakamua maji yote na hakuna cha kufidia, ukiiongezea masaa unaikausha zaidi. Maji ya nje hayairudishii kitu, hata uweke ndoo.

Kwa hiyo muundi au bega, vipande vikubwa vya kama sentimita 5, basi. Na hapa wengi wanakwama, masaa matano yamepita kwenye LO (joto la chini) unaonja bado ngumu, unadhani umepitiliza unazima. Hapana! Hapo kolajeni haijamaliza kuyeyuka, funika uiache. Chomeka uma katikati ya kipande uuzungushe kidogo, kikigoma bado, kikiachia chenyewe kimeiva, na ukitazama pale kwenye kano utaona pamekuwa kama jeli inayong'aa. LO na HI (joto la juu) kwenye nyingi ya hizi sufuria zinaishia karibu joto lilelile, tofauti ni HI inafika mapema, kwa hiyo LO masaa nane au HI kama matano ni sawa tu, ila usifunue funue kuchungulia, kila ukifunua unaongeza karibu nusu saa. Na nyama isiingie ikiwa imeganda, iyeyushe kwanza kwenye friji, la sivyo inakaa muda mrefu kwenye uvuguvugu ambao bakteria wanaupenda.

Mchuzi sasa. Lita moja na nusu ya nini jamani? Mvuke hautoki mle, unagonga mfuniko unarudi, na nyama yenyewe inatoa maji. Kikombe kimoja cha supu kinatosha kilo mbili. Kaanga nyama kwanza kwenye sufuria ya kawaida ipate rangi ya kahawia, ule ugando uliobaki chini ukoroge na hiyo supu umimine wote, ndiyo ladha yenyewe. Ikibaki nusu saa koroga konflawa vijiko viwili kwenye maji baridi, mimina, weka HI.

Ila yote hayo ni bure ukiingiza fileti. Nenda bucha tena, mwambie unataka muundi wenye kano zake, na akishika kisu kuanza kukusafishia ule utando mweupe mzuie hapohapo.