Kuhusu sahani ya jirani

Dada, umeuliza kama ni kosa kumrudishia jirani yako wa mtaa wa Himbi sahani aliyokuletea sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, ikiwa imeoshwa vizuri lakini haina kitu ndani. Si kosa, ila hapa Goma wengi wetu tunaona haya kuirudisha tupu, na kwa sababu hiyo sahani hukaa jikoni siku tatu au nne mpaka kipatikane cha kutia, hata kama ni maharagwe mabichi kiasi cha vikombe viwili au kipande cha jibini ya Masisi. Usiirudishe siku ileile ikiwa imejaa kupita alivyokuletea yeye, kwa maana hapo utaonekana unalipa deni, na mtu aliyekupa kwa moyo hapendi kulipwa.

Upokeapo, nyosha mikono yote miwili, au mkono wa kuume huku wa kushoto ukiushika kwenye kiwiko. Mama yangu alikuwa akiturudisha mlangoni tukapokee upya tulipokosea. Kilichofungwa usikifungue mbele ya mgeni, isipokuwa akuombe mwenyewe.

Na usichanganye zawadi na matabishi. Neno hilo limetoka katika Kireno, mata-bicho, yaani kuua mdudu, jina la tone la pombe la asubuhi, na kwetu ni kile unachompa aliyekubebea mzigo au kukuhudumia. Huyo hakudai sahani yoyote.