Wakifyeka msitu, wanyama wa manyoya wanaenda wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimeona video ya mashine zinafyeka msitu mzima kule Kanada mpaka vinabaki visiki tu, nikajiuliza wale wanyama wanaotegwa kwa ajili ya manyoya yao wanaenda wapi? Rafiki yangu anabisha, anasema ndo kwanza wanaongezeka sababu machipukizi mapya yanaota. Nani mkweli? Na wakipanda miti upya si mambo yanarudi kama zamani?

JIBU: Asante sana ndugu msomaji. Rafiki yako kasema kweli ila nusu tu, maana inategemea tunamuongelea mnyama gani.

Anayeumia sana ni marteni. Huyu ni wa ukoo wa kicheche, mwembamba, mrefu, dume lenyewe kilo moja hivi, halafu mwilini hana mafuta ya akiba kwa hiyo baridi ikikaza hawezi kukaa siku nyingi bila kula. Chakula chake kikubwa ni vipanya vya porini ambavyo majira ya baridi vinaishi chini ya theluji, sasa anavifikiaje? Hapo ndo utaona kazi ya magogo yaliyooza. Gogo likianguka likaegemea jingine, theluji inatua juu na pembeni kunabaki upenyo, marteni anajipenyeza humo, anawinda huko chini, akishiba analala humohumo ndani ya gogo ambako baridi sio kali kama nje. Ukifyeka miti ukaondoa na magogo umemfungia mlango wa chakula na wa malazi kwa mpigo. Tena uwanja wazi anauogopa sababu ya bundi na tai, na watafiti wameona kwamba eneo likishafyekwa kama robo hadi theluthi hivi marteni wanapungua sana, hata kama msitu uliobaki bado mzuri.

Mfano ni marteni wa Humboldt, wa pwani ya California na Oregon. Misitu ya miti mikongwe ilikatwa huku mitego nayo inaendelea, watu wakaamini California wameshaisha, mpaka walipoonekana tena 1996, na mwaka 2020 serikali ya Marekani ikawaingiza kwenye orodha ya wanaotishiwa kutoweka. Inauma kwa kweli.

Yupo pia pekani, ndugu yake mkubwa. Jike linazalia kwenye pango la mti, juu, na mti mpaka uwe mnene na uoze katikati kiasi hicho ni miaka mia na zaidi, kwa hiyo ukikatwa leo hata mjukuu wake hatapata mwingine. Wakati pekani anamla nungunungu ambaye anabambua magome ya miti ya mbao, na miaka ya 1950 na 1960 baadhi ya majimbo ya Marekani yaliwarudisha pekani msituni kwa sababu hiyo hiyo!

Sasa upande wa rafiki yako. Miaka kumi hivi baada ya kufyeka, vichaka vinasongamana na sungura wa theluji wanapata vijiti vya kutafuna na pa kujificha, wakijaa wao na linksi naye anakuja, yule paka pori mwenye vishungi masikioni, maana anaishi kwa sungura hao. Biva nao, wale wanyama wa majini wanaokata miti kwa meno, wanapenda miti ya aspeni, na aspeni ukiikata inachipua upya kutoka mizizini. Lakini hata linksi anataka magogo yaliyolaliana ya kufichia watoto, na vichaka vikishakuwa miti mirefu sungura wanapungua tena.

Kitu ambacho watu wanakisahau ni barabara. Lori la magogo likishapita, mtegaji naye anapita, na marteni ni mwepisi kunasa, halafu anazaa mara moja tu kwa mwaka, watoto watatu hivi. Ndo maana mimi naona barabara zifungwe kazi ikiisha.

Kuhusu kupanda upya, hapana, haitoshi. Miti ya rika moja iliyopandwa kwa mistari, chini kumesafishwa, haina gogo lililooza wala mti wenye pango. Bora wakati wa kukata waache miti mikongwe kadhaa ikiwa imesimama, magogo yabaki chini, na vipande vya msitu viungane ili marteni avuke bila kupita uwanja wazi.