Keisi ya Nakumatt: acha kusimulia, amua

Wewe uliyeuliza jana, mwenye umepewa keisi (ile stori ya kampuni halisi ya kuchambua darasani) ya Nakumatt, supamaketi kubwa ya Kenya iliyoanguka, uichambue kurasa sita na umeshajaza mbili ukieleza vile ilianzia Nakuru ikiuza magodoro, hizo mbili toa. Zote. Lekchara ameisoma hiyo keisi kukushinda na hakuulizi ilianzia wapi, anakuuliza wewe ungefanya nini. Mimi nasoma jioni hapa tao na mchana niko akaunti za kampuni fulani Industrial Area, tunapelekea masupamaketi bidhaa, kwa hivyo hii mambo naiona darasani na pia naiona kwa invoisi.

Kabla hujaandika chochote tafuta ni nani anaamua na ni lini. Karibu kila keisi iko na mtu, mkurugenzi ama meneja, ako na shida mezani na tarehe inamkimbiza, mara nyingi aya ya kwanza na ya mwisho ndizo zinakuonyesha. Kama yako inaishia katikati ya 2017 basi na wewe uko katikati ya 2017, hujui kwamba Januari 2018 korti itaiweka chini ya msimamizi wa kuiendesha badala ya wenyewe na hujui Januari 2020 wanaoidai watapiga kura ifungwe. Watu wengi huanguka hapo, mtu anaandika "ilikuwa lazima ianguke", sasa hiyo si ni kubet mechi imeisha?

Halafu kuna hii ya kuchanganya dalili na chanzo. Kila mtu ataandika shida ni rafu tupu. Rafu tupu ni dalili. Jiulize mbona mpaka ufike mahali huyo mkurugenzi anaweza kushika na mkono. Mbona rafu ziko tupu, wasambazaji wameacha kuleta. Mbona wameacha, hawajalipwa. Mbona hawajalipwa na supamaketi inauza kwa keshi kila siku Jumatatu hadi Jumapili? Hapo ndio kazi inaanza na hapo ndio wengi hufunga laptopu. Utasikia ati ni Carrefour, supamaketi ya Ufaransa, kuingia Kenya 2016, ati ni lile duka walilopoteza 2013 magaidi waliposhambulia jengo la Westgate, Nairobi, sawa, hayo yaliuma, lakini Naivas, supamaketi nyingine ya Kenya, pia ilikuwa soko hilo hilo na Carrefour hiyo hiyo na ilibaki imesimama, kwa hivyo kama jibu lako ni ushindani lazima unieleze hiyo tofauti ilitoka wapi.

Sasa enda kwa zile tebo za nyuma ambazo watu huruka. Nakupigia hesabu na namba za kubuni, wewe utaweka zako. Tuseme gharama ya mauzo ya mwaka (yaani bei waliyonunulia vitu walivyouza) ni bilioni 50, deni ambalo wasambazaji wanaidai supamaketi bilioni 15, stoki bilioni 6. Chukua 15 gawa kwa 50 zidisha 365, unapata karibu siku 110, huo ndio muda wanakaa na pesa ya msambazaji kabla ya kumlipa. Stoki fanya vile vile, 6 kwa 50 mara 365, karibu siku 44. Yaani mzigo unauzwa kwa mwezi na nusu hivi lakini mwenye mzigo analipwa baada ya miezi mitatu na zaidi, hiyo keshi ya siku 66 katikati imeenda wapi? Kama imefungua matawi, na Nakumatt ilifika matawi zaidi ya 60 ukihesabu na nchi jirani, basi matawi yanajengwa kwa pesa ambayo mwenyewe atakuja kuiitisha. Hapo umepata chanzo, na umekipata kwa namba za keisi yenyewe. Kwetu kazini kuna supa moja, jina sisemi, ulikuwa unaenda kufuatilia cheki unaambiwa mwenye kusaini ametoka, na wiki hiyo hiyo wanakata utepe wa tawi jipya. Ukishaona hivyo huwezi tena kuandika "changamoto za kifedha" ukaenda kulala.

SWOT, lile jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, weka kama umeambiwa uiweke, lakini ni ya kukusaidia kufikiria, haikupi jibu. Jedwali la maboksi manne lililojaa "chapa yenye nguvu" halijawahi kumwambia mtu afunge tawi gani.

Baada ya chanzo toa njia tatu hivi, na ziwe njia ambazo mtu mwenye akili anaweza kuchagua kweli, si moja nzuri na mbili za kupoteza. Kwa hii yako naona kufunga matawi yasiyojilipa na kukubaliana upya na wasambazaji, ama kuuza sehemu ya kampuni kwa mwekezaji, ama kukopa zaidi benki ukisubiri biashara irudi. Chagua moja. Usichanganye zote tatu ukaziita mkakati. Sema nani ataumia, kwa sababu kufunga tawi ni kufuta watu kazi na landilodi naye ako na mkataba mkononi, na sema kitu gani kifanyike mwezi wa kwanza, nani anakifanya, pesa inatoka wapi. Lekchara wetu hiyo sehemu ndio anasoma kwanza, mengine anapitisha macho tu.

Kuandika kwenyewe mimi huanza na pendekezo, aya moja, ndio nirudi nyuma nijenge ushahidi, na sentensi yoyote ambayo haibebi hilo pendekezo inatoka hata kama ni tamu. Kama ni kazi ya grupu, mtu mmoja tu ndio aandike nakala ya mwisho, hiyo ya kila mtu kutuma kipande chake WhatsApp usiku wa dedilaini mtajikuta ukurasa wa pili mnafunga matawi na ukurasa wa tano mnafungua.

Na kama tebo zako hazina gharama ya mauzo tumia mauzo yenyewe, siku zitatoka chache kidogo kuliko ukweli, andika tu chini ya jedwali kwamba umefanya hivyo.