Kabla hamjanunua kompyuta ya kazi: mpya au iliyotumika?

Kila linapoingia kundi jipya la wanaojifunza kazi katika timu yetu ya kutengeneza programu, hakosekani anayefika na kompyuta mpakato aliyoinunua bila kumuuliza mtu, na mara nyingi ninajua atakwama wapi kabla hata hajamaliza kuiwasha. Nimechoka kuliona jambo hilo likijirudia, hasa kwa sababu fedha inayopotea huwa ni ya mzazi, ya mkopo au ya akiba ya muda mrefu. Ndiyo maana ninawaandikia mapema ninyi mnaojiunga sasa. Swali lenu huwa ni kama ununue mpya au iliyotumika, nami ninawajibu kwamba umri wa kasha si kipimo. Ulizeni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya kizazi gani, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) na diski vinabadilishika au vimelehemiwa kwenye ubao mkuu, na mfumo endeshi utaendelea kupata masasisho ya usalama hadi lini. Katika hayo yote mashine iliyotumika inaweza kuishinda mpya, na kwa bajeti ambazo wengi wenu mnakuja nazo, hushinda mara nyingi.

La kwanza, someni namba yote ya prosesa. Kibandiko cha i5 au i7, majina ya familia za prosesa za Intel, peke yake hakiwaambii kizazi. Prosesa ya i7-3520M, iliyotoka mwaka 2012, ina viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, ilhali i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini vinne na huiacha mbali ile i7 mnapokompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) mradi wowote wenye uzito. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi, isipokuwa kuanzia kizazi cha 10, ambapo mnasoma tarakimu mbili: i5-10210U ni ya kizazi cha 10 na i7-1165G7 ni ya kizazi cha 11. Jambo hili lina uzito kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri, pamoja na prosesa ambayo, kwa jumla, ni ya kizazi cha 8 kwenda juu kwa upande wa Intel, au Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu kwa upande wa AMD. Muuzaji anaweza kuwaonyesha Windows 11 ikifanya kazi ndani ya mashine ya kizazi cha 6, na hatakuwa amewadanganya kuhusu mnachokiona, kwa kuwa sharti hilo linaweza kurukwa wakati wa kusakinisha; lakini Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na mtu anayehifadhi funguo za seva za wateja hapaswi kuishi kwa kubahatisha. Jina la mashine nalo halitoshi. ThinkPad T480 ya Lenovo na EliteBook 840 G5 ya HP, zote za mwaka 2018, ziliuzwa zikiwa na prosesa za kizazi cha 7 au cha 8 chini ya jina lile lile. Atakayetumia Linux pekee ana uhuru mkubwa zaidi katika hili.

La pili ni RAM na diski, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo nimeona maumivu makubwa kuliko pengine popote. Alijiunga nasi msichana mmoja mwenye bidii, ambaye familia yake ilichanga fedha ili aanze kazi akiwa na kifaa chake mwenyewe. Waliamua kwa nia njema kabisa kwamba mtoto hatapewa kilichokwisha kutumiwa na mwingine, wakaenda kwenye duka lenye heshima, wakanunua mpya iliyofungwa vizuri, yenye waranti na risiti. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya Celeron, familia ya bei ya chini ya Intel, yenye viini viwili, RAM ya GB 4 iliyolehemiwa, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Wengi hudhani duka haliwezi kuuza Windows 11 ndani ya kitu kisichoiweza, na kweli mashine ile ilikuwa halali kabisa, kwa sababu GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na Microsoft. Kwa kuandika barua na kusoma kurasa za intaneti ingemfaa.

Tulipofika kwenye Android Studio, programu ya kutengenezea programu za simu, mambo yakasimama. Windows na masasisho yake vilikuwa vimekwisha kula sehemu kubwa ya hifadhi, SDK (zana zake) ikachukua iliyobaki, na emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, haikuwaka hata mara moja. RAM ilipojaa, mfumo ulihamishia mzigo kwenye eMMC, ambayo ni hifadhi ya aina inayowekwa katika simu za bei ya chini, na skrini ikaganda huku Gradle, zana ya kujengea programu, ikiwa bado inajenga. Tukaiacha emuleta na kumpa simu halisi ya kujaribia kwa waya. Tukambadilishia kihariri, tukahamisha faili kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha tukaweka Linux nyepesi. Kila suluhisho lilimpa nafuu ya muda mfupi, halafu tatizo likarudi kwa sura nyingine, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuongezea RAM wala diski ya kuchomoa. Fundi aliyeifungua alituonyesha ubao mtupu, akaifunga tena bila kudai malipo.

Kilichoniumiza zaidi hakikuwa mashine. Kwa kuwa tawi lake la msimbo (sehemu yake ya kazi) lilichelewa kila wiki, alianza kuamini kwamba yeye ndiye mzito. Akanyamaza vikaoni, akaacha kuuliza maswali, na mkaguzi mmoja wa msimbo akaandika kwamba hajitumi. Tulipompa kwa muda Latitude (kompyuta ya Dell) ya zamani ya ofisi, yenye RAM ya GB 16 na SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, kasi yake ililingana na ya wenzake ndani ya siku chache, na sauti yake ikarudi. Duka lilikataa kuipokea tena ile mpya, na kwa mujibu wa masharti lilikuwa na haki: waranti hufidia kilichoharibika, haifidii kilichotoka kiwandani kikiwa dhaifu. Familia ililazimika kuchanga upya. Kwa hiyo nikisema kwamba GB 8 ni chini ya kiwango kwa kazi yetu, GB 16 ndizo za kuanzia, na eMMC isikaribie orodha yenu, naomba msilichukulie kuwa pendekezo la hiari.

Mashine za daraja la ofisini, yaani ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude na EliteBook, huingia sokoni kwa wingi kwa sababu kampuni hubadilisha kompyuta zake baada ya miaka michache hata zikiwa bado nzima. Zilizo nyingi za miaka ile ya 2018 na 2019 zina nafasi za kuongezea RAM, SSD inayochomoka, na vipuri ambavyo mafundi wanavijua. Lakini asili hiyo hiyo ya kampuni ndiyo huleta hatari ya tatu, nayo ni kufuli. Mashine inaweza kuwa na nywila ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ambayo muuzaji haijui, na katika ThinkPad nyingi nywila hiyo haiondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya ubao. Inaweza pia kuwa bado imesajiliwa katika usimamizi wa kampuni iliyoimiliki: itawaka vizuri dukani, kisha siku mtakapoifuta na kuiunganisha na intaneti wakati wa kusakinisha Windows, itawaomba barua pepe ya kazini ya kampuni msiyoijua, kwa sababu utambulisho wa vifaa vyake umehifadhiwa kwenye seva na haufutiki kwa kufuta diski. MacBook nayo inaweza kubaki imefungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza. Dawa ni kuingia BIOS mbele ya muuzaji, kisha kuifuta mashine yote pale pale, kuiunganisha na intaneti, na kusubiri hadi ifike kwenye skrini kuu. Muuzaji mwaminifu atawapa muda huo. Anayesema ana haraka, muacheni na mashine yake.

Betri ipimeni kwa amri ya powercfg /batteryreport na mlinganishe uwezo wa sasa na ule wa kiwandani. Ikiwa chini ya asilimia 60, punguzeni bei kwa gharama ya betri mpya. Saa za kazi za SSD zisomeni kwa programu ya CrystalDiskInfo. Bawaba zifungueni na kuzifunga mara kadhaa, bonyezeni kila kitufe cha kibodi, na mjaribu kila tundu la USB.

Sitaki mwelewe kwamba ninapinga mpya. Ikiwa bajeti inafikia mpya yenye GB 16, SSD ya NVMe (aina ya kasi zaidi) na prosesa ya miaka ya karibuni, nunueni mpya bila wasiwasi, kwa sababu mtapata betri yenye uhai wote, waranti ya kweli na miaka mingi zaidi ya masasisho. Anayeishi mbali na fundi ana sababu nzuri zaidi ya kufanya hivyo. Kwa mashine za michezo zenye kadi kubwa za NVIDIA, mimi binafsi siwashauri kabisa zilizotumika, kwa kuwa zimechemka kwa muda mrefu na feni zake huwa zimechoka. Na kwa MacBook zenye chipu za M1 na zilizofuata, kuanzia mwaka 2020, iwe mpya au iliyotumika, RAM mnayonunua siku ya kwanza ndiyo mtakayobaki nayo, basi msijifariji kwamba mtaongeza baadaye.

Kabla hamjalipa, nitumieni namba kamili ya prosesa, kiasi cha RAM na kama imelehemiwa, na aina ya diski. Picha ya skrini ya taarifa za mfumo inatosha kuanzia. Nitawajibu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na hata kama mnadhani swali lenu ni dogo.