Maswali ya Wasomaji: Ibid. Iliyomsingizia Mwandishi

Swali: Jambo wahariri. Direkta amenirudishia memwari akisema tanbihi zangu zinadanganya: Ibid. ya namba 15 inamtaja mtu ambaye hakuandika maneno yale. Nilichofanya ni kuhamisha aya mbili tu kutoka sura ya kwanza kwenda ya pili. Nirekebishe vipi bila kuanza upya?
– Mwanafunzi wa historia, Kadutu, Bukavu

Jibu: Aya mbili zinatosha kabisa. Ibid. maana yake ni kitabu kilekile cha tanbihi inayoitangulia, kwa hiyo ukiihamisha inamfuata jirani mpya. Kompyuta hupanga namba upya, lakini haijui Ibid. ilikuwa ya nani. Na kama namba uliziandika mwenyewe na kuzipandisha juu ya mstari, hata hizo hazitajipanga: zifute, uweke upya kwenye Word kupitia "Références", kisha "Insérer une note de bas de page".

Fungua nakala ya kabla ya kuhamisha, angalia kila Ibid. ilikuwa ya kitabu gani, kisha mahali pake uandike umbo fupi: mwandishi, maneno mawili matatu ya kichwa cha kitabu, ukurasa. Ibid. uzirudishe mwishoni kabisa, maandishi yakishatulia, tena ikiwa kitivo kinazidai. Mwongozo wa Chicago wa kuandika marejeo, toleo la 17 la mwaka 2017, nao unapendelea umbo fupi. Chunga pia tanbihi iliyotaja vitabu viwili: inayoifuata haiwezi kuwa Ibid., maana haitajulikana ni kipi.

Op. cit., yaani "kitabu kilichokwisha kutajwa", ni mbaya zaidi. "Ndaywel è Nziem, op. cit., p. 210" ni ipi: *Histoire du Zaïre* ya 1997, au *Histoire générale du Congo* ya 1998? Nchi ilibadili jina, na kitabu nacho. Taja kichwa, msomaji asibahatishe.

Swali: Kwenye orodha ya marejeo, majina yetu ya sehemu tatu yapangwe kwa lipi? Na kwa nini asistanti amefuta kurasa zote nilizoweka?
– Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

Jibu: Panga kwa "nom", likifuatwa na "postnom", "prénom" ije mwisho. Majalada ya vitabu ndiyo yanayopotosha, kwa sababu mengi hutanguliza prénom. Isidore Ndaywel è Nziem anakaa kwenye N ya Ndaywel, si kwenye I. Ukitumia Zotero, programu ya bure ya kupanga marejeo, nom na postnom ziingie pamoja kwenye kisanduku cha jina la ukoo, prénom peke yake kwenye cha pili. Kagua hasa vitabu ulivyovivuta kutoka intaneti, maana mara nyingine neno la mwisho pekee ndilo linalochukuliwa kuwa jina la ukoo.

Asistanti ana haki. Ukurasa ulionukuu ni wa tanbihi. Kwenye orodha, kitabu kizima hakihitaji ukurasa. Makala ya jarida au sura ya kitabu cha pamoja ndiyo huandikiwa kurasa zake zote, wa kwanza hadi wa mwisho. Ndiyo maana kunakili tanbihi na kuzibandika kwenye orodha hakufai.

Kupanga kwa alfabeti, chagua orodha yote na ubonyeze "Trier". Usiwe umeandika namba kwa mkono mbele ya majina, la sivyo zitapangwa namba badala ya majina.

Swali: Mahojiano niliyofanya na wazee yanaingia wapi?
– Bagira, Bukavu

Jibu: Yapewe sehemu yake, "Sources orales", yasichanganywe na vitabu: jina, kazi, mahali, tarehe. Uliyemwahidi kumficha umwite M1, M2, na karatasi yenye majina ya kweli ibaki nyumbani, isiwe kwenye fleshi unayopeleka kuchapisha. Kwenye fleshi hiyo weka PDF. Ukipeleka faili ya Word na kompyuta ya pale ikakosa fonti yako, kurasa zitasogea na namba za yaliyomo hazitalingana tena.